Ankara ya Dakika Sita

Mimi ndiye ninayeandika ankara.
Saa yetu hapa Dunedin haina dakika sitini:
ina vipande kumi, kila kipande dakika sita,
na hata kikohozi cha mteja kwenye simu
kina bei yake.

Rhona Petrie alilia tarehe tisa Mei.
Vipande viwili. Niliandika: "Mashauriano na mteja."

Paa lake lilivuja upande wa kusini,
ule unaopokea upepo wenye barafu mdomoni.
Maji yaliteremka ndani ya ukuta kimyakimya
kama mpangaji asiyelipa kodi,
mpaka mbao zikawa laini kama mkate uliochovywa chai
na uyoga ukamea nyuma ya kitanda cha mwanawe.
Asiyeziba ufa hujenga ukuta, haya;
yeye alimwita fundi, ufa ukazibwa kwa gundi,
ukapakwa rangi, ikaja na hesabu ya rangi,
na ukuta akaujenga vilevile.

Mahakama ya kwanza ikampa elfu tisini na moja.
Alituletea keki ya limau ofisini.
Muda wa kuila hatukuuandika popote.
Garth Pascoe, fundi, akakata rufaa.

Na hapa ndipo inapoingia ile barua.
Karatasi moja, tarehe tatu Juni,
juu yake maneno ya wino mzito:
isionyeshwe majaji, ila likija suala la gharama.
Elfu arobaini, tuyamalize, kila mtu ashike njia yake.
Rhona aliisoma amesimama, koti bado limelowa.
"Arobaini? Ameniona nimechoka?"
Wakili wetu akamweleza hatari yake, vipande vitano.
Akamweleza tena, vipande vitatu.
Barua ikaenda kulala jikoni kwake, chini ya kibaniko cha mkate,
ikikusanya makombo
na kuhesabu siku.

Agosti, majaji watatu.
Walikubali paa ni bovu. Walikubali fundi alizembea.
Ila bafu jipya, walisema, na sakafu ya mwaloni,
hayo hayakuharibiwa na mvua; yalitamaniwa tu.
Elfu thelathini na nane.

Nilimwona akitabasamu. Alikuwa bado ameshinda.
Kisha wakili wa upande wa pili akafungua bahasha.

Elfu mbili. Pengo la elfu mbili tu,
bei ya mlango na bawaba zake,
na kupitia mlango huo gharama zote za rufaa
tangu tarehe tatu Juni zilihamia kwake na mizigo yake:
ada ya wakili wa Pascoe, tiketi za ndege za kutoka Wellington,
usiku mbili za hoteli, nakala elfu moja mia mbili,
na zetu juu yake, pamoja na machozi ya Mei.

Mla mbuzi hulipa ng'ombe, husemwa.
Mbuzi huyu aliliwa na nani?
Pascoe naye kauza gari lake la kazi, ngazi zikiwa juu yake.
Nimejumlisha mara mbili, kwa mashine na kwa kalamu,
na mara zote mbili mshindi anadaiwa.

Siku ya uamuzi wa gharama mvua ilinyesha,
na ukumbini, nje ya chumba cha mahakama,
tone likadondoka sakafuni kati yao wawili.
Tone jingine.
Wote wakatazama dari.

"Ni bati la pembeni ya bomba la moshi," Pascoe alisema,
kama mtu anayesemea mfukoni mwake.
"Wamelipigilia chini ya vigae. Hukaa juu."
"Ndivyo ulivyofanya kwangu."
"Ndivyo nilivyofanya kwako."

Miaka mitatu tulikuwa tukililipia sentensi hilo jibu.
Hakuna aliyeinua sauti. Mhudumu alileta ndoo.
Walibaki wamesimama, wakilisikiliza likijaa,
nami nikaangalia saa yangu kwa mazoea:
dakika sita, labda saba.

Sikujua nimwandikie nani.